Bima ya afya ukiacha kazi kulea mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara nchini Kenya

Majibu haya yanamhusu mzazi anayeacha ajira ya mshahara Kenya ili abaki na mtoto nyumbani, awe mama ambaye harudi kazini baada ya likizo ya uzazi au baba aliyeamua kushika zamu hiyo. Mengi yanategemea mpangilio mmoja: SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani bima ya afya ya taifa) kwanza, bima ya mwajiri wa mwenzako pili, bima ya kujinunulia mwisho. Wanaoanza na hiyo ya mwisho mara nyingi huishia kulipia kitu ambacho wangekipata bure au kwa bei nafuu.

Nikiacha kazi, bima yangu inakatika siku gani?

Wafanyakazi wengi huwa na bima mbili bila kuzitofautisha. Kuna ile ya kampuni binafsi iliyonunuliwa na mwajiri, na kuna SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024.

Ya mwajiri hukatika siku ajira inapoisha. Siku hiyo ni ile iliyoandikwa kwenye barua, hata kama wewe uliaga ofisi wiki mbili kabla ili umalize siku zako za likizo. HR hupeleka jina lako kwa kampuni ya bima liondolewe, na kadi inaweza kukataa asubuhi inayofuata. Mtoto na mwenzi uliowaandikisha huondoka pamoja nawe. Waajiri wengine huacha bima iendelee mpaka mwisho wa mwezi, lakini usikisie: uliza kwa barua pepe, upate tarehe kwa maandishi.

SHA haikatiki kwa namna hiyo. Namba yako ni ya maisha. Kinachosimama ni mchango. Ukiwa kazini ulikuwa unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, na mwajiri anatakiwa kupeleka pesa hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukishapokea mshahara wa mwisho, hakuna anayekulipia tena, na mfumo haujui kama umeacha kazi au mwajiri amechelewa. Lazima wewe useme.

Nifanye nini kabla ya kupeleka barua ya kuacha kazi?

Kwanza, hesabu siku. Kwa mtu anayelipwa kila mwezi, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya siku 28, isipokuwa mkataba wako umetaja muda mrefu zaidi. Siku hizo bado una bima, na ndizo za kushughulikia yaliyobaki: meno, miwani, vipimo ambavyo daktari alikuandikia ukaviahirisha, dawa za miezi miwili kama una presha au pumu.

Pili, badilisha namba ya simu na barua pepe kwenye akaunti yako ya SHA. Hili linaonekana dogo, na ndilo linalowakwamisha watu. Kama uliandikishwa na HR kwa barua pepe ya ofisi au kwa laini ya simu ya kampuni, namba ya siri ya kuingilia itaendelea kutumwa huko hata baada ya wewe kurudisha hiyo laini. Ingia Afya Yangu, tovuti ya SHA, au piga *147# ukiwa bado unaishika hiyo simu, uweke laini yako mwenyewe.

Tatu, omba karatasi mbili. Ya kwanza ni hati ya utumishi, ambayo sheria inamtaka mwajiri akupe. Ya pili ni barua ya kampuni ya bima, au ya dalali wa bima anayehudumia kampuni yenu, inayoonyesha ulikuwa na bima tangu lini mpaka lini na kiasi gani cha matibabu kilitumika. Bila barua hiyo ya pili, kampuni yoyote utakayoiendea itakuhesabu kuwa mgeni kabisa, na utaona hasara yake hapa chini tukifika kwenye vipindi vya kungoja. Hifadhi pia hati zako za mshahara za miezi sita ya mwisho.

Mume wangu ameajiriwa na anakatwa SHA. Je, nami lazima nilipe kivyangu?

La. Mchango wake unamhudumia yeye, mwenzi wake na watoto. Mkiwa mmeajiriwa wote wawili kila mmoja hukatwa chake. Ukiacha mshahara, unaingia kwake kama mtegemezi, na kiasi anachokatwa hakiongezeki kwa sababu yako wala kwa sababu ya mtoto. Mwenye mshahara wa shilingi 60,000 hukatwa 1,650 kwa mwezi, awe na mtoto mmoja au watano.

Ila haitokei yenyewe. Anayelipa ndiye anayeingia kwenye akaunti yake na kukuongeza kwa namba yako ya kitambulisho, nawe unathibitisha kwa simu yako. Wekeni cheti cha ndoa karibu. Wasio nacho hutumia hati ya kiapo iliyogongwa muhuri na wakili. Kisha aongeze watoto kwa namba ya cheti cha kuzaliwa.

Nimejaribu, imekataa. Kwa nini?

Mara nyingi ni majina. Kitambulisho kinasema Achieng, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina la mama likiwa limeandikwa Acheing, na mfumo unaona watu wawili. Cheti ndicho cha kusahihishwa, kupitia ofisi ya usajili wa vizazi, maana kuingiza jina baya kwenye SHA ili lilingane na cheti kibaya kunaleta taabu nyingine mtoto akilazwa.

Sababu nyingine ni kwamba watoto walishaandikwa chini yako ulipokuwa kazini. Waondoe kwako kwanza. Au wewe mwenyewe bado unasomeka kama mwanachama mkuu mwenye mwajiri. Hapo nenda Huduma Centre au ofisi ya SHA ya kaunti ukiwa na kitambulisho na hati ya utumishi, ubadilishiwe hali. Nenda na mwenzako, kwa sababu alama za vidole ni za mtu mwenyewe na haziwakilishwi na barua.

Nalea peke yangu, au mwenzangu hana ajira ya mshahara. Inakuwaje?

Unahamia kundi la wasio na mshahara. Unapiga *147# au unaingia Afya Yangu, unafanya tathmini ya uwezo, kisha mfumo unakupa kiasi cha mwaka mzima. Cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na kinalipwa kwa mkupuo.

Tathmini hiyo inahitaji kueleweka. Haikuulizi tu umepata shilingi ngapi mwezi huu. Inauliza kuta na paa la nyumba ni vya nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mnawasha taa kwa nini, mko wangapi. Kutokana na majibu hayo inakadiria mapato ya kaya. Kwa hiyo mtu aliyeacha kazi juzi, bado anaishi kwenye nyumba ya kupanga yenye vigae, gesi na maji ya mfereji, anaweza kupewa kiasi kinachomshtua ilhali mfukoni hana kitu. Usidanganye kwa kusema unateka maji mtoni. Hesabu vizuri watu wa kaya, mtoto mchanga akiwemo, maana hao husahaulika. Ukiona kiasi bado hakilingani na hali yako, nenda ofisi ya SHA uombe kiangaliwe upya kabla ya kulipa.

Fanya tathmini mwezi uleule wa mshahara wa mwisho. Anayesubiri mpaka mtoto augue hujikuta anajibu maswali ya paa na choo akiwa kwenye benchi la wodi.

Siwezi kulipa mwaka mzima kwa mara moja.

Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao unakulipia mchango wa mwaka nawe unaurudisha kidogo kidogo. Ni mkopo, kwa hiyo usome masharti yake kama unavyosoma ya mkopo mwingine wowote. Njia nyingine, ambayo kwa maoni yetu ni bora kwa anayejua tarehe yake ya kuacha kazi, ni kutenga mchango wa mwaka kutoka kwenye mshahara wa mwisho au malipo ya siku za likizo zilizobaki. Pesa hizo zikishaingia kwenye nepi na maziwa hazirudi.

Usilipe kwa namba ya simu ya mtu, hata akija na fulana yenye nembo. Malipo hufuata maelekezo unayopewa na *147# au Afya Yangu peke yake.

Nisipolipa kabisa, mtoto anapata nini?

Anapata zaidi ya wanavyodhani wengi, mradi ameandikishwa. Huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipwa na Hazina ya Afya ya Msingi, ambayo ni pesa za serikali. Huko kinachotakiwa ni usajili. Homa, kuhara, kikohozi, kipimo cha malaria, dawa za kawaida: hayo yote ni ya huko. Angalia kibao langoni. Kituo kilichoandikwa Level 2 au Level 3 na kilicho na mkataba na SHA ndicho unachotafuta.

Mchango uliolipwa unahitajika pale mtoto anapolazwa, au anapohitaji hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu kwa upasuaji na mengineyo.

Na chanjo?

Chanjo za ratiba ya taifa ni bure katika vituo vya serikali, uwe na bima au huna: BCG na polio akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Ukiwa kazini huenda ulizoea hospitali ya kibinafsi iliyokuwa ikitoza kadi yako kwa chanjo hizohizo. Beba kijitabu cha mama na mtoto uendelee pale ulipoachia. Hakuna haja ya kuanza upya.

SHA inalipa kiasi gani mtoto akilazwa?

Hulipa hospitali kiasi maalum kwa kila siku: shilingi 2,240 ngazi ya 3, 3,360 ngazi ya 4, 3,920 ngazi ya 5 na 4,480 ngazi ya 6. Mtoto mwenye nimonia akikaa siku nne hospitali ya kaunti ya ngazi ya 4, SHA inalipa 13,440. Ukimpeleka hospitali ya kibinafsi inayotoza zaidi ya hapo kwa siku, tofauti ni yako. Ndiyo maana swali la kuuliza kaunta si "mnachukua SHA?" bali "kwa hali hii, SHA ikishalipa, mimi nitabaki na kiasi gani?" Upasuaji uliopangwa huhitaji idhini ya SHA kabla, na hospitali ndiyo inayoiomba. Mtoto asiingizwe chumba cha upasuaji kabla hujaambiwa idhini imefika, isipokuwa ni dharura.

Nimeacha kazi nikiwa na mimba, au nataka mtoto mwingine hivi karibuni.

Hakikisha mchango umelipwa kabla ya siku ya kujifungua. SHA hulipa hospitali shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali za serikali kwa kawaida hukaa ndani ya viwango hivyo. Za kibinafsi nyingi huvipita, baadhi mara kadhaa, hasa kwa upasuaji.

Usitegemee kununua bima binafsi sasa ili ikulipie mimba uliyonayo. Faida ya uzazi katika bima za mtu binafsi huwa na kipindi cha kungoja cha miezi 10 hadi 12, na miezi hiyo imehesabiwa makusudi. Kama mpango wenu ni mtoto wa pili mwaka ujao, bima inunuliwe leo, au msiiwekee matumaini.

Mtoto mchanga anaandikishwaje?

Hospitali inakupa notisi ya kuzaliwa. Tumia hiyo kuombea cheti kupitia eCitizen, ndani ya miezi sita. Ukivuka hapo unaingia usajili wa waliochelewa, wenye karatasi nyingi zaidi. Mwongeze kwenye SHA mara tu namba inapopatikana. Kwa bima binafsi, kampuni hutaka kujulishwa mapema kuhusu kuzaliwa, na wengi humpokea mtoto kuanzia anapotimiza mwezi mmoja. Wiki hizo za mwanzo ndizo za umanjano wa watoto wachanga (ngozi na macho kuwa ya njano) na maambukizi ya kitovu, kwa hiyo SHA ndiyo tegemeo lako wakati huo.

Mwajiri wa mume wangu ana bima ya kampuni. Naweza kuingia katikati ya mwaka?

Mara nyingi ndiyo, lakini kwa tukio maalum: ndoa, kuzaliwa, au mwenzi kupoteza bima yake. Mikataba mingi huweka muda mfupi wa kutoa taarifa baada ya tukio hilo, na ukipita unangoja bima ihuishwe. Basi HR wake ajulishwe wiki ileile, akiambatishiwa barua inayoonyesha bima yako imeisha tarehe gani.

Muulize yuko daraja gani. Kwenye bima za kampuni utaona M, M+1, M+2, yaani mwanachama peke yake, mwanachama na mtegemezi mmoja, na kuendelea. Kama mwajiri analipia M+3 na nyumba ina watu watatu, nafasi yako imeshalipiwa na hakuna anayeitumia. Tumeona familia zikinunua bima ya pili ilhali hiyo ya kwanza ina kiti wazi. Kama daraja lazima lipande, tofauti ya ada huhesabiwa kwa miezi iliyobaki, na waajiri wengi hukubali kuikata kwenye mshahara kidogo kidogo.

Nataka kujinunulia bima binafsi. Niangalie nini?

Vipindi vya kungoja kabla ya bei. Kwa kawaida ajali hulipwa tangu siku ya kwanza, ugonjwa baada ya siku 30, upasuaji usio wa dharura baada ya siku 60, na magonjwa uliyokuwa nayo kabla au ya kudumu baada ya mwaka mmoja, na hata hapo kwa kiwango kidogo kuliko kile kikubwa kilichochapishwa kwenye kijikaratasi. Kwa hiyo bima ya shilingi milioni moja inaweza kuwa na laki moja tu kwa pumu ya mtoto. Hicho kiwango cha ndani ndicho cha kuuliza.

Hapa ndipo ile barua ya bima ya zamani inapokulipa. Ukiiendea kampuni ileile iliyokuwa ikikuhudumia kazini, kabla ya siku yako ya mwisho, omba kuhamia bima ya familia bila pengo na bila kungoja upya. Wengi hukubali kusamehe angalau sehemu. Pengo likishaingia, hata la mwezi mmoja, hoja yako inapoteza nguvu.

Halafu uliza matibabu bila kulazwa yanagharimu kiasi gani kuyaongeza. Ndiyo sehemu ghali zaidi ya bima ya familia yenye mtoto mdogo, kwa sababu watoto huenda kliniki mara kwa mara. Familia ambayo bajeti yake imebana hufanya vyema kununua ya kulazwa peke yake na kutumia kituo cha afya cha karibu kwa homa na vikohozi.

Na bima haianzi kabla hujalipa. Sheria ya bima hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya ada kupokelewa, hata wakala akikuambia "wewe tulia, tayari uko ndani". Hakikisha pia wakala ana leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima. Orodha yao hutangazwa.

Nikinyamaza kuhusu upasuaji wa uzazi au pumu ya mtoto, watajua?

Watajua. Daktari wa kwanza atakayemwona ataandika "ana pumu tangu akiwa na mwaka mmoja", na fomu hiyo ndiyo inayokwenda kwa kampuni. Wana haki ya kukataa dai, hata kufuta bima nzima. Taja kila kitu.

Mume wangu akinilipia bima binafsi, kuna nafuu yoyote ya kodi?

Ipo, na wengi huiacha mezani. Anayelipa kodi ya mapato hupata nafuu ya asilimia 15 ya ada ya bima ya afya aliyojilipia mwenyewe, mwenzi au mtoto, isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Ada ikiwa 80,000 kwa mwaka, nafuu ni 12,000, yaani elfu moja kila mwezi. Kampuni ya bima itoe cheti chenye jina la mume wako kama mlipaji, naye akikabidhi kwa HR.

Bima kupitia chama au sacco ni nzuri?

Ikiwa kundi ni kubwa vya kutosha, masharti huwa laini kuliko ya mtu mmoja, hasa kwenye vipindi vya kungoja. Uliza jambo moja: mwanachama mmoja akichelewa kulipa, bima ya kundi lote inasimama au ni yake tu?

Nimegundua mwajiri wangu wa zamani alikata SHA lakini hakupeleka.

Afya Yangu inaonyesha miezi iliyolipwa. Linganisha na hati zako za mshahara. Mwandikie mwajiri ukimtajia miezi, kisha upeleke nakala kwa ofisi ya SHA. Deni hilo ni lake kisheria. Lakini usisubiri kesi hiyo iishe ndipo ujiandikishe upya. Mambo hayo mawili yaende sambamba.

Mtoto akipata dharura nikiwa katikati, sina bima yoyote hai?

Nenda hospitali iliyo karibu zaidi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inazibana hospitali zote, hata za kibinafsi. Maana yake ni kwamba lazima mtoto atulizwe kwanza, hata kama huna amana. Haina maana kwamba hakutakuwa na bili. Akishatulia, uliza kama anaweza kuhamishiwa hospitali ya serikali.

Nikirudi kazini baada ya miaka miwili?

Namba ya SHA ni ileile. Mpe HR mpya kitambulisho chako, aanze kukukata. Watoto wanaweza kubaki chini ya mwenzako. Hakuna haja ya kuwahamisha isipokuwa bima binafsi ya mwajiri mpya ina manufaa zaidi kwao.